Siku ya tisa, bahari ikiwa bega la kushoto

Tulipotoka nyumbani bahari ilikuwa mkono wa kulia. Siku tano tulikwenda nayo hivyo, mpaka tukafika tulikokusudia na kugeuza baiskeli, na tangu hapo ikahamia kushoto. Mimi na mjomba wangu, baiskeli mbili, hema moja, na daftari nililokuwa nikiliandika kila jioni kabla giza halijaingia. Haya ni ya siku za kurudi, na hasa siku ya mwisho.

Mjomba alikuwa baharia. Ujana wake wote aliiona pwani akiwa majini: mstari wa kijani kwa mbali, moshi wa mtu fulani, taa usiku. Alitaka aione akiwa nchi kavu, kwa mwendo wa pedali. Goti lake la kulia halimruhusu kungoja mwaka mwingine, ndivyo alivyosema, nami sikutaka aliseme hilo mara mbili.

Siku ya sita, kilomita 71

Upepo ulikuwa nyuma yetu tangu asubuhi. Siku ya namna hii haina mengi ya kuandika. Tuliendesha, tukanywa maji, tukaendesha tena. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, cha mwisho na kile kinachokifuata, vimekufa ganzi. Ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja. Ukiukandamiza juu ya usukani kwa saa nyingi unalalamika hivyo. Mjomba ameniambia nibadilishe mshiko kila baada ya dakika kumi, hata kama sijisikii kuchoka.

Siku ya saba, kilomita 58

Mwezi mpevu usiku huu. Tumepiga hema juu ya mstari wa mwani mkavu na makombe, pale ambapo maji yaliyojaa huishia. Mjomba hakulala upesi. Alishuka na kijiti, akakichomeka ukingoni mwa maji, akarudi kukaa. Baada ya muda akakitazama tena.

"Bamvua hii," akasema. "Kesho kutwa maji yatakwenda mbali kuliko leo. Tutapita mchangani."

Bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi vinapoyavuta maji kwa pamoja, na mara nyingi nguvu yake hukamilika siku moja au mbili baadaye. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mjomba alikuwa akiiwazia ile barabara inayopanda na kuuzunguka mlima karibu na nyumbani. Wakati wa kwenda ilitutesa: kilomita 23 za kona nyembamba, malori yakitupita yakiwa yametubana, na pembeni hakuna pa kukimbilia. Chini ya mlima huohuo kuna ufuko wa kilomita 11 tu. Maji yakijaa haupo. Yakipwa wakati wa bamvua unakuwa mpana na mgumu kama sakafu.

Leo maji yamepwa saa mbili asubuhi. Kila siku huchelewa kwa dakika kama 50, kwa kuwa mwezi nao unasogea na dunia inabidi izunguke zaidi kidogo kuufikia. Kwa hesabu hiyo keshokutwa yatapwa karibu saa tatu na dakika arobaini. Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Siku ya nane, kilomita 66

Mchana, nikiwa napanda kilima kidogo, nilisikia sauti gurudumu la nyuma. Tik. Kisha kimya. Kisha tik. Ilikuja nilipokanyaga pedali kwa nguvu tu, na kwenye tambarare ikapotea. Nilishuka mara moja, nikashika tairi, nikatikisa keria, sikuona kitu. Nikapanda tena.

Sikumwambia mjomba. Alikuwa mbele kama mita 200, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika nyumbani. Ukishahesabu kilomita zilizobaki na kuona zinahesabika, kila sauti unaiambia ingoje kesho.

Siku ya tisa, kilomita 84

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Hema lilikuwa limelowa umande, na mwezi bado uko juu upande wa bara. Nilitaka tuondoke mara moja. Mjomba alikaa juu ya mfuko wake, akafunga kamba za viatu taratibu, akala ndizi mbili, akapitisha kidole kwenye cheni yake kuangalia kama mafuta yapo. Alifanya hivyo asubuhi zote nane zilizotangulia. Mimi leo nilikwisha kufunga mizigo bila kutazama chochote.

Saa kumi na mbili na nusu tukawa barabarani. Kilomita 30 za mwanzo zilikuwa za raha. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa nzito ya bara huteremkia baharini, na upepo huo wa nchi kavu ni mwepesi, wa kugusa shingo tu. Barabara ilikuwa tupu. Jua lilitoka majini upande wetu wa kushoto na vivuli vyetu vikanyooka kulia mpaka vichakani, vya watu warefu wenye magurudumu makubwa ajabu. Hatukuzungumza. Nilisikia tairi, nikasikia cheni ya mjomba, na mara mbili nikasikia tik.

Saa tatu tukafika njia ya kushukia ufukweni. Tulizishusha baiskeli kwa mkono, huku nimebana breki zote mbili, na chini kabisa tukasimama kutoa upepo kwenye matairi. Tairi gumu huukata mchanga na kuzama. Lililolegea kidogo hutandaza uzito na kupita juu. Nilibonyeza vali mpaka kidole gumba kikaweza kulibonyeza tairi kama chungwa lililoiva. Hewa ilipotoka ikinifukiza usoni nilimkumbuka John Boyd Dunlop na tairi lake la upepo la mwaka 1888, alilolianza kwa ajili ya baiskeli ya matairi matatu ya mwanawe. Kabla yake watu walikwenda juu ya mpira mgumu. Mkononi mwangu hewa ile ilikuwa kitu cha kushukuriwa.

Bahari ilikuwa imekwenda mbali kweli. Kati yetu na maji palikuwa na uwanja wa mchanga wenye maji, unang'aa, umechorwa mistari midogo ya mawimbi. Mjomba alisimama akautazama kwa muda mrefu.

"Huu nilikuwa nauona kutoka upande ule," akasema, akielekeza kwa kidevu. "Tukiwa chomboni, maji yakipwa, tulikuwa tunakaa mbali nao. Mchanga huu ulikuwa adui."

Tukapanda. Sijapata kuendesha mahali pazuri kama pale. Hakuna gari, hakuna kona, hakuna jiwe. Kaa wadogo walikimbilia mashimo yao mbele ya tairi. Nilipogeuka niliona alama zetu mbili zikitufuata, mara zimeachana, mara zimekutana. Tulikwenda kilomita 12 kwa saa, labda 13. Penye kijito kinachomwaga maji baharini tulishuka na kuzibeba baiskeli mabegani, kwa sababu maji ya chumvi yakishaingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na gololi zake hayatoki kirahisi, nayo kutu haikawii.

Kwenye kilomita ya sita spoku ilikatika.

Sauti yake haikuwa tik. Ilikuwa kama uzi wa gitaa unaokatwa. Gurudumu la nyuma likaanza kupepesuka, mpira wa breki ukawa unalikwaruza rimu kila mzunguko, shwaa, shwaa, shwaa. Niliruka chini. Mjomba alisikia, akageuza.

Tuliipindua baiskeli miguu juu. Spoku ilikatika kwenye kiwiko, pale inapojikunja kuingia habu, upande wa kulia, nyuma ya friwili, yale meno yanayobeba cheni. Nilikiinamia kile kipande. Nusu ya mkato ilikuwa imepauka, yenye rangi ya zamani, na nusu iling'aa kama fedha mpya. Maana yake ufa ulikuwapo tangu kabla ya leo, ukila chuma kidogo kidogo. Gurudumu linapozunguka, kila spoku ikifika chini hulegea kidogo, ikipanda hukazika tena. Kwa kila mzunguko ni mita mbili na kitu. Mpaka pale tulikuwa tumeendesha zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo kiwiko kile kilikuwa kimelegea na kukazika mara laki mbili na ushei, chini ya uzito wangu na wa mizigo.

"Ilianza kulia lini?" mjomba akauliza.

"Jana, mjomba. Mchana."

Hakusema neno. Alivua kofia, akajipangusa paji la uso, akaivaa tena. Ningependa angenikaripia.

"Haya. Nipe spana ya spoku, mwanangu. Shika fremu."

Spoku za akiba tulikuwa nazo mbili. Hazikutufaa kitu, kwa sababu spoku ya upande ule haiingii mpaka uling'oe friwili, na chombo cha kuling'olea tulikiacha nyumbani kwa kuhofia uzito. Ningekuwa nimemwambia jana, tungeweza kutafuta fundi njiani. Sasa ilibidi gurudumu liende na spoku 35.

Ikikatika ya kulia, rimu huvutwa kushoto. Mjomba aliizungushia ile iliyokatika kwenye jirani yake ili isipigepige, kisha akazilegeza zile mbili za kushoto zilizo jirani na pengo, kila moja robo ya mzunguko wa nati, akaizungusha rimu mbele ya mpira wa breki, akatazama ule mwanya, akalegeza robo nyingine. Akakaza kidogo mbili za kulia. Robo tu. Ukizidisha unaharibu upande wa pili, na ukikaza kwa hasira unakata nyingine. Vidole vyake vina makovu ya kamba za miaka mingi, na vilizishika zile nati ndogo kwa upole ambao sikuutegemea. Chumvi ilikuwa imekauka kwenye mikono ya shati lake, mistari myeupe kama ramani.

Nilitazama bahari. Ilikuwa imeanza kurudi.

"Saa ngapi?"

"Tano kasorobo."

"Basi wakati tunao. Sikiliza." Hakuinua macho kutoka kwenye rimu. "Maji yanajaa kwa saa sita. Yagawe mafungu 12. Saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Sasa hivi ni ya pili. Ya tatu na ya nne ndizo zinazokimbia. Tusiwe hapa."

Ni hesabu ya mabaharia, ya kukadiria, na kwa pwani ambayo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku inatosha kumwokoa mtu. Niliipiga kichwani: yalipwa saa tatu na dakika arobaini, basi mwendo wa kasi ungeanza saa tano na dakika arobaini. Zilibaki kilomita tano mpaka mwisho wa ufuko, penye miamba, ambapo barabara inarudi karibu.

Saa tano tukaondoka. Mjomba alichukua mifuko yangu miwili ya nyuma akaitundika kwenye baiskeli yake. Nilikataa, akanitazama tu. Breki ya nyuma tuliifungua kabisa ili isiikwaruze rimu. Nilisimama juu ya pedali penye mawimbi ya mchanga ili uzito usikae nyuma, na penye mchanga laini nilishuka nikasukuma. Yeye mbele, goti lake bovu, mizigo ya watu wawili.

Sehemu kubwa ya mwisho tulitembea. Wakati nasukuma nilimfikiria Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwaka 1884 kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele na kuizunguka dunia mpaka Yokohama mwaka 1886. Mahali pengi mtu yule aliitembeza baiskeli yake badala ya kuipanda, na hakuna anayesema kwamba hakuizunguka dunia. Hilo lilinipa nguvu kuliko maji niliyokuwa nakunywa.

Uwanja wa mchanga ulizidi kupungua kushoto kwetu. Hukuona maji yakija. Uligeuka tu ukakuta pale palipokuwa pakavu pana kioo chembamba, na ulipogeuka tena kioo kimefika kwenye alama ya tairi. Saa sita kasoro dakika kumi tulikuwa tunazipandisha baiskeli juu ya miamba, moja baada ya nyingine, mimi juu navuta, mjomba chini anasukuma. Tulipokaa, wimbi la kwanza lilipita juu ya mahali tulipokuwa tumesimama dakika tano kabla. Alama zetu zikafutika hapohapo.

Tulipumzika mpaka saa sita na nusu, tukajaza upepo matairi, tukaingia barabarani. Zilibaki kilomita 43, na upepo ulikuwa umegeuka. Mchana ardhi ishapata moto, hewa yake inapanda, na ile ya baharini inakuja kuziba nafasi. Ulitupiga kushoto mbele, bila kupumzika. Upinzani wa hewa haukui sawasawa na mwendo: mwendo wa hewa inayokupiga ukiwa mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Tulikwenda kilomita 13 kwa saa, tukitoka jasho kama watu wanaokwenda 25.

Kwa kawaida upepo wa namna hii hukabiliwa kwa zamu. Mmoja anakata upepo, mwenzake anajikinga nyuma ya mgongo wake. Lakini upepo ukitoka kushoto mbele, kinga yake iko nyuma kulia, yaani kuelekea katikati ya barabara, magari yanakopita. Tulijaribu palipokuwa wazi, na gari liliposikika tukarudi mstari mmoja, kila mtu na upepo wake. Nawasihi wanaoendesha wawili wawili walitazame hili vizuri. Kinga ya upepo haina thamani ya kumweka mwenzako mbele ya lori.

Miteremko niliishuka kwa breki ya mbele peke yake, nimekaa nyuma kabisa ya kiti, mwendo mdogo. Gurudumu lilipepesuka lakini lilikubali. Kila baada ya kilomita tano nilishuka nikazigusa spoku moja moja kwa kidole, kusikiliza kama kuna iliyobadili sauti. Sikuwa tena na haraka ya kufika. Sijui haraka ile iliniachia wapi, nadhani palepale mchangani. Nilikuwa namtazama mjomba mgongoni, anavyokanyaga, goti la kulia likitoka nje kidogo kila mzunguko, na nilitaka barabara iendelee.

Kilomita sita kabla ya nyumbani barabara inaiacha bahari. Kuna kilima kifupi, juu yake njia inakata kulia kuingia bara. Nilijua mahali hapo. Siku ya kwanza ndipo tulipoiona bahari, nikapiga kelele kama mtoto. Mjomba alifika juu akasimama. Hakuilaza baiskeli, alikaa kwenye fremu, mguu mmoja chini, kofia mkononi.

Bahari ilikuwa imejaa tele. Jua lilikuwa nyuma yetu na maji yalikuwa ya buluu nzito, yamesimama, mbali kidogo chombo kimoja cha tanga moja kikienda tulikotoka.

"Anatuona?" nikauliza.

"Anaona kilima," mjomba akasema. "Watu hawaonekani kutoka kule. Nilikuwa siwaoni."

Tulikaa pale muda ambao sikuupima. Kisha akavaa kofia, akaniambia nitangulie, na bega langu la kushoto likawa na mashamba na nyumba.

Tulifika saa kumi na moja na robo jioni. Kabla ya kuoga tulizisafisha baiskeli, maana chumvi haingoji. Maji baridi ya ndoo, ya kumwagia taratibu kutoka juu. Maji ya kasi hupenya habu na kusukuma mchanga ndani, ulikokuwa haujafika. Kitambaa kikavu. Cheni tuliipangusa mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi, tukaipima kwa rula: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8, na yangu ilikuwa inakaribia 306. Itabidi ibadilishwe. Kisha tone moja la mafuta kwenye kila pini, na ya ziada kupanguswa, kwa kuwa mafuta yaliyobaki nje hukamata vumbi.

Nilipolitoa tairi la nyuma, mchanga ulimwagika sakafuni, kiganja kizima, na ganda dogo la konokono katikati yake. Friwili nitaling'oa kesho.

Mjomba alikuwa mlangoni anavua viatu. Kutoka pale kwetu bahari haionekani wala haisikiki. Akatazama upande wa mashariki, juu ya mapaa, mwezi ukiwa bado haujatoka.

"Kesho maji yatapwa saa nne na nusu," akasema.

Nikalichukua daftari nikaiandika.